Kaaha Nunow, Aliyevuka Liboi Ili Akacheke na Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani na mlio madukani, na wewe mwenye duka pale Habaswein ambaye najua umeitoa redio yako barazani ili majirani nao wasikie, nawasalimu nyote. Asalaam alaykum. Kaeni vizuri. Leo nina habari ya mtu niliyemfahamu mimi mwenyewe, na nitaisimulia kwa kujivuna kidogo. Mtanivumilia.

Tunamkumbuka Kaaha Nunow wa Garissa. Narudia kwa walioshika redio sasa hivi: Kaaha Nunow, wa Garissa. Alifariki mwezi uliopita nyumbani kwake, kwa homa iliyomlaza siku nne tu. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na mitatu hivi. Nasema hivi kwa sababu alipozaliwa hapakuwa na mtu wa kuandika, na yeye mwenyewe hakuona umuhimu wake.

Kaaha hakuwa mke wa chifu. Hakuwa na duka, wala hakuingia darasani hata siku moja. Lakini kwa miaka ishirini na zaidi, mtu yeyote wa Garissa aliyetaka kuvuka mpaka wa Liboi kwenda kutembea, kutembea tu kwa raha zake, akarudi bila kugombana na serikali ya huku wala ya kule, alianzia mlangoni kwa Kaaha. Yeye mwenyewe aliuvuka mpaka huo mara kumi na tisa. Mara kumi na tisa, wasikilizaji, na hakuna hata mara moja aliyoenda kuuza kitu.

Kabla sijafika mbali, niungame. Mimi mtangazaji wenu niliwahi kuwa karani. Kuanzia mwaka wa 1947 hadi 1953 nilikuwa Garissa, nikiandika pasi za safari. Nilitoka Lamu nikiwa na kalamu mbili na kiburi cha kutosha watu wanne. Siku zile, mnakumbuka, wilaya zile zilikuwa zimefungwa. Huingii bila karatasi, hutoki bila karatasi. Na karatasi yenyewe ilipita mkononi mwangu. Basi nilijiona mtu.

Wiki yangu ya pili, akaja mwanamke mrefu, mwembamba, kitambaa chekundu kichwani. Akasalimia, akasema anataka pasi ya kwenda Afmadow, ng'ambo ya mpaka, yeye na wenzake. Nikamuuliza sababu ya safari.

"Kutembea," akasema.

"Kutembea si sababu, mama. Ni biashara?"

"Hapana."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana, alhamdulillahi."

"Msiba?"

"Wewe karani, mimi nimekukosea nini? Naombea wewe mema, wewe naombea mimi msiba?"

"Basi unakwenda kufanya nini?"

"Kunywa maziwa. Mvua ya Gu imenyesha, ngamia ya dada yangu imezaa. Nakunywa maziwa, nakaa, nacheka na dada yangu. Halafu narudi."

Wasikilizaji wapendwa, mimi nilikuwa na fomu yenye nafasi ndogo tu, na kucheka hakukuwamo. Nikaona nimsaidie. Nikaandika "biashara ndogo". Kaaha hakujua kusoma, lakini hakuondoka. Akasema, "Nisomee umeandika nini." Nikamsomea.

"Futa," akasema. "Pale Liboi askari ataniuliza, biashara yako iko wapi? Nitamwonyesha nini, meno yangu?"

Nikafuta. Nikaandika kama alivyotaka: kumtembelea dada na kufurahi. Nilimpelekea bwana mkubwa atie sahihi. Bwana akasoma, akainua macho, akacheka, akatia sahihi. Hilo lilikuwa somo la kwanza alilonipa Kaaha: mpakani sema unakwenda kufanya nini hasa, hata kama watu watakucheka. Uongo wa kumpendeza karani utakugeukia mbele ya askari, na siku hiyo karani hayupo kukutetea.

Sasa nirudi nyuma, ili mjue dada huyu ni nani.

Walizaliwa wawili, Arbia na Kaaha. Arbia ndiye mkubwa. Baba yao, mzee Nunow, alichunga ngamia katika bara hiyo kati ya visima vya Liboi na malisho ya Afmadow. Wakati huo, kwenda Afmadow kulikuwa kama kwenda chumba cha pili. Arbia akaolewa huko Afmadow. Miaka michache baadaye Kaaha akaolewa Garissa, na mume wake Diriye, Mungu amrehemu, alikuwa mpole na hakuwahi kumzuia kwenda kwao. Kisha mwaka wa 1925 mpaka ukasogezwa. Afmadow ikawa ya Waitaliano, Garissa ikabaki ya Waingereza. Dada wawili hawakuulizwa. Kwa miaka saba hawakuonana.

Mwaka wa 1932 Kaaha alijaribu kwenda. Alitoka Garissa na wanawake watano. Siku nane kwa miguu, mizigo juu ya ngamia. Walifika kituoni Liboi saa sita mchana, jua la utosi, askari wana njaa na bwana wao ana kichwa kinamgonga. Wanawake sita wakazungumza kwa pamoja. Huyu akasema wanakwenda harusini, yule akasema wanatafuta ngamia aliyepotea, mwingine akaanza kulia. Walirudishwa papo hapo.

Watano walirudi Garissa. Kaaha hakurudi. Alipiga kambi karibu na kisima, kwa jamaa wa baba yake, akakaa siku kumi akitazama. Alikuwa akichota maji na kutazama nani anapita, nani anarudishwa. Binti yake Ardo, ambaye mimi namheshimu sana, na ambaye humwita mama yake hooyo, alinieleza hivi: "Hooyo alisema, kama unataka kujua mlango, usigonge kwanza. Kaa, tazama mwenye nyumba anatoka saa ngapi."

Siku ya kumi na moja alikwenda kituoni asubuhi, askari wamekwisha kunywa chai yao. Akazungumza peke yake, kwa sauti ya chini. Akapita. Akamwona dada yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba. Alipofika, Arbia alikuwa akikamua. Ardo anasema maziwa yote yalimwagika, na hakuna aliyeyajali.

Tangu hapo akawa mtu wa kuvusha wenzake. Kila mwaka baada ya mvua ya Gu, ndiyo masika yetu, ukiacha miaka ya vita na ya ukame, aliwakusanya wanawake, watoto na wazee. Watu wa mikoa mingine hushangaa wakisikia haya. Hudhani mfugaji hutembea kwa sababu ya malisho tu, au kwa kukimbia shida. Jamani! Na sisi tuna raha zetu. Watu walikwenda kucheza ngoma za vijana waliooana, kusikiliza mashairi, kunywa maziwa mpaka matumbo yanauma, na kusengenya majirani waliowaacha Garissa. Safari ya kufurahi ni safari kamili, na Kaaha aliitetea kama wengine wanavyotetea kisima.

Kanuni zake zilikuwa ngumu. Jioni kabla ya kuondoka alikagua mizigo yote kwa mkono wake. Kama una dawa, anauliza ni ya nini. Kama una ngamia mwenye upele, anabaki. Hukubeba kifurushi cha mtu ambacho hukukifungua mwenyewe, hata kama mtu huyo ni shemeji yako. Na hapo alipata maadui. Mwaka mmoja mfanyabiashara wa mjini, jina silitaji, alimletea mfuko wa buni, akasema mpelekee fulani Afmadow, zawadi tu. Kaaha akatandika mkeka, akamwaga buni yote mbele yake na mbele ya majirani. Chini ya buni kulikuwa na risasi. Hakupiga kelele. Akazirudisha mfukoni moja moja, akamkabidhi, akamwambia, "Zawadi yako nzito. Ibebe mwenyewe." Yule bwana hakumsalimia tena maisha yake yote.

Na kanuni iliyokuwa juu ya zote: mpakani huzungumza mtu mmoja. Wengine wasalimie, wanyamaze. Kaaha alizoea kusema kwa Kiswahili chake, "Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi." Mithali hiyo mimi nilikua nikiisikia Lamu. Maana yake nilionyeshwa Liboi.

Wasikilizaji wapendwa, sasa nafika kwenye mwaka wa 1951. Nyie mliokuwa mnapika, acheni sufuria kidogo.

Mwaka huo, mwezi wa tano, mpita njia alileta Garissa ujumbe kutoka kwa Arbia. Ujumbe ulikuwa mfupi. Arbia alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufunga, la pili lilikuwa linaona kama kwenye ukungu. Alisema: "Walaalo, njoo upesi. Nataka kukuona uso kabla giza halijaingia." Walaalo ndiyo ndugu yangu kwa Kisomali. Ardo anasema mama yake hakulia. Aliinuka, akaanza kushona kiriba.

Pasi nilimwandikia mimi. Watu kumi na sita, ngamia saba. Kisha, kwa mipango ya kazi, mimi mwenyewe nikahamishiwa kituo cha Liboi kwa miezi miwili kumsaidia afisa mgeni. Nilipanda lori, nikawatangulia. Afisa yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni tu, na siku chache kabla hajafika, kundi fulani lilikuwa limepitisha watu waliofichwa katikati ya mifugo. Akaapa kwamba katika zamu yake hesabu ya watu na hesabu ya karatasi zitakuwa kitu kimoja. Zikitofautiana, kundi linarudi lilikotoka, na kiongozi wake hapewi pasi tena. Hapewi tena kabisa.

Kaaha na watu wake walifika asubuhi, kama desturi. Nilifurahi kuwaona. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Kaaha alivunja kanuni yake mwenyewe. Ngamia mmoja aliyebeba vyombo alishtuka, akakimbilia kisimani, na Kaaha akamfuata. Akawaacha wenzake mbele ya boriti inayofunga njia pale kituoni, bila msemaji. Kitambo kidogo tu. Kilitosha.

Afisa akatoka. Akamwona bibi mzee kuliko wote, mama Korane, amesimama mbele na fimbo. Akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Mama, watu ngapi?"

Mama Korane akajibu, "Kidogo tu. Tisa."

Ndugu zangu wa huko mnacheka, kwa sababu mnajua. Kwa wasiojua, nieleze. Mfugaji wa bara hiyo hahesabu watu wake kwa sauti mbele ya mgeni. Hahesabu watoto, hahesabu ngamia. Kuhesabu ni kuita jicho baya. Ukimuuliza mtu mwenye ngamia mia, atakwambia, tuna wachache, Mungu akipenda. Mama Korane hakusema uongo. Alifanya adabu. Aliwakinga watoto wa wenzake kama alivyofunzwa na mama yake. Bibi yangu wa Lamu naye angefanya vivyo hivyo.

Lakini afisa hakuzaliwa huko. Akatazama karatasi: kumi na sita. Akamtazama bibi: tisa. Akaona bibi anaficha watu saba. Akaagiza kundi lote likae chini. Kaaha aliporudi na ngamia wake alikuta watu wake wamekaa kwenye vumbi na askari wamewazunguka.

Askari mmoja alikuwa Dagane, mwenyeji wa Liboi, kilemba chekundu, mtu mwenye moyo. Akamwambia afisa, "Effendi, hii watu mimi najua. Hii mama inapita kila mwaka. Hakuna maneno mbaya." Afisa akasema haidhuru, watahesabiwa upya. Kila mtu atasimama, ataandikwa namba kwa chokaa mgongoni, atapita. Huo ndio utaratibu aliouzoea huko alikotoka.

Mama Korane akainuka kwa fimbo yake. "Namba mgongoni? Mimi gunia?" Akakaa tena, akafunika uso kwa shuka. Wanawake wengine nao wakafunika. Hakuna aliyetaka kuinuka. Mtoto mmoja akaanza kulia.

Nilimtazama Kaaha. Nilijua anachokifikiria, maana ujumbe wa Arbia nilikuwa nimeusikia. Kutoka Liboi mpaka Afmadow ni mwendo wa siku tano. Kurudi Garissa ni siku nane, na kule kwenyewe hakuna pasi tena. Jicho la Arbia halingengoja. Angeweza kuwalazimisha wenzake waandikwe namba. Wangekubali kwa ajili yake, walimpenda. Wangepita mpakani wakiwa wameinamisha vichwa, na kila mtoto ambaye angeugua mwaka huo, mama yake angekumbuka ile chokaa.

Nami nikafanya nini? Nilikuwa na kalamu mkononi na nilinyamaza. Nasema wazi. Niliogopa kazi yangu.

Kaaha akamwendea afisa. Akasimama si karibu sana wala mbali sana. Akamwambia Dagane atafsiri, maana jambo hili hakutaka kulisema kwa lugha ya kukwamakwama. "Mwambie bwana, huyu mama hakudanganya. Kwetu watu hawahesabiwi, wanaitwa. Kosa ni langu, nilikwenda kisimani. Yeye anataka kujua watu wangu wote? Nitamwita kila mmoja kwa jina, atapita peke yake chini ya boriti. Karani ana kalamu. Kila anayepita, karani apige mstari. Hesabu yake ni ya karani, majina ni yangu."

Afisa akafikiri. Akanigeukia. "Utaweza?" akaniuliza. Nikasema ndiyo.

Kaaha akasimama kando ya boriti. Akaanza.

Wasikilizaji wapendwa, ningekuwa na uwezo ningewachezea sauti ile. Hakuita jina moja na kuacha. Aliita jina, la baba, la babu, na babu wa babu, mpaka vizazi sita au saba, kwa kila mtu, bila kusita. Alianza na mama Korane. Bibi alipolisikia jina la babu zake likisemwa kwa sauti mbele ya serikali, alitoa shuka usoni, akanyoosha mgongo, akapita chini ya boriti kama anayeingia nyumbani kwa mwanawe. Nikapiga mstari. Akafuata wa pili, na wa tatu; ilipofika zamu yake akajiita mwenyewe, nikampigia mstari pia. Watoto wadogo nao wakaitwa kwa vizazi vyao, mmoja alikuwa na kamasi mpaka mdomoni, akapita kifua mbele. Walipokwisha watu, akawaita ngamia, kwa maana ngamia nao wana majina na mama zao: Hogol binti wa fulani, Dayah binti wa fulani. Askari waliacha kuegemea bunduki. Dagane machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Ngamia mistari saba, sawasawa na karatasi. Nikahesabu mistari ya watu. Nikahesabu tena.

"Wangapi?" afisa akauliza.

"Kumi na saba, bwana."

Karatasi ilisema kumi na sita. Afisa akageuka mwekundu. Nilijua nimewamaliza. Hakika nilipiga mstari kila alipoita, na aliita mara kumi na saba.

Kaaha hakubabaika. Akamwonyesha mwanamke kijana aliyekuwa amepita mwisho wa watu. Jina lake Zeinab, tumbo lake la miezi minane. "Karani amepiga sawa," akasema. "Nilimwita Zeinab, halafu nikamwita mgeni wake. Jina lake Mungu analijua, la baba yake mimi nalijua. Tunakwenda naye ndani, tutarudi naye nje, inshallah. Sitaki siku ya kurudi niambiwe nimeiba mtoto."

"Kaaha!" mama Korane akapiga kelele kutoka upande wa pili. "Mbele ya wanaume!"

Zeinab akajifunika uso kwa aibu. Dagane akatafsiri huku akijizuia kucheka. Afisa akasikiliza mpaka mwisho. Akamtazama Zeinab, akamtazama Kaaha, akaichukua ile karatasi kutoka mkononi mwangu. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: kwenda kumi na sita, kurudi kumi na saba. Akatia sahihi. Kisha akavua kofia, wasikilizaji, akamvulia Kaaha Nunow kofia. Nililiona kwa macho yangu, na naliona mpaka leo.

Wakaenda. Siku tano wakafika Afmadow. Ardo alikuwapo safari ile, na haya ni maneno yake, habaryar kwao ni dada ya mama: "Habaryar Arbia alikuwa amekaa nje. Hooyo alipiga magoti mbele yake, akavua kitambaa chote, kichwa wazi, ili aonekane vizuri. Habaryar alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kwenye jua. Akasema, 'Umezeeka, walaalo. Pua ni ileile.' Wakacheka mpaka wakakohoa. Walikaa wiki tatu wakitazamana hivyo. Tulipoondoka, jicho lilikuwa limefunga."

Kwa hiyo Arbia alimwona. Aliwahi. Kilichotaka kuwanyima dakika hiyo hakikuwa adui, lilikuwa neno moja la adabu mahali pasipolielewa. Na aliyeinusuru hakutumia hongo, wala hakupita porini usiku kama wengine walivyomshauri. Alipita mlangoni, asubuhi, mbele ya watu, bila kumwinamisha mtu kichwa.

Zeinab alijifungua salama Afmadow, mtoto wa kiume. Waliporudi mimi bado nilikuwa Liboi. Kaaha akaita majina, na la kumi na saba likaitwa safari hii kwa ukamilifu: Awil, na vizazi vyake saba. Kalala mgongoni mwa mama yake, hana habari. Sasa ana miaka saba, na nasikia ni mtundu.

Miaka iliyofuata, pale Liboi wageni wa kutembea wakawa wanaitwa kwa majina. Hakuna aliyeliandika agizo hilo. Dagane alilianza, wengine wakalishika. Nami, nilipoacha ukarani, niliondoka na jambo moja nililojifunza, kwamba karani naye ana mdomo. Kaaha hakunilaumu kwa kunyamaza kwangu siku ile. Nilipomwomba radhi alisema, "Uliulizwa hesabu, ukasema kumi na saba, na wewe unajua utapata taabu. Inatosha." Mpaka leo sina hakika kama ilitosha. Alikuwa mkarimu.

Arbia alipopofuka, Kaaha aliendelea kwenda. Mwaka jana pia alikwenda, safari ya kumi na tisa. Watu walimwambia, dada yako hakuoni tena, kwa nini ujichoshe? Akawajibu kwamba kucheka hakuhitaji macho.

Mwezi uliopita, kama nilivyosema, homa ikamchukua Kaaha Nunow. Habari zilipelekwa Afmadow. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, naomba mnisikilize vizuri.

Wiki iliyopita lori la ng'ombe lilisimama Liboi likitokea ng'ambo. Ndani, mbele pamoja na dereva, alikuwamo mwanamke mzee, kipofu, ameshika fimbo. Katika miaka yote hiyo Kaaha ndiye aliyekwenda. Arbia hakuwahi kuvuka kuja huku hata mara moja, kwa kuwa kila mwaka alijua mdogo wake yuko njiani. Dagane bado yuko kazini, nywele zimekuwa nyeupe. Ndiye aliyenitumia habari hizi. Aliuliza sababu ya safari, maana ni lazima aulize. Arbia akamwambia, "Nimekuja kukaa na watoto wa Kaaha. Nilikuwa nataka kuja zamani, kuona nyumba yake na mto. Kila mwaka nilisema mwaka ujao." Dagane akaita jina lake na vizazi vyake, akainua boriti. Garissa walitoka kumpokea nje ya mji, wanawake wote waliowahi kuvuka na Kaaha, na walikuwa wengi.

Kwa familia ya marehemu: kwako Ardo na ndugu zako, kwako mama Korane ambaye bado uko nasi, Mungu akuzidishie, na zaidi kwako mama Arbia, unayetusikiliza leo huko Garissa katika nyumba ya dada yako, tunatoa pole nyingi. Mungu ampe Kaaha makao mema, awape nyinyi subira. Mlikuwa na mtu, na sisi tuliomfahamu tunatembea wima kwa sababu yake.

Na kwenu wasikilizaji wapendwa, nina ombi moja. Wengi wetu tuna ndugu upande wa pili, wa mpaka, au wa mto, au wa ugomvi wa zamani. Tafuteni karatasi zenu. Semeni ukweli mlangoni. Nendeni wakati wa maziwa, mkacheke nao. Kaaha alivuka kwa furaha mara kumi na tisa. Arbia amevuka mara moja, na amekuta kitanda kitupu.